Darubini ya Kutazamia Ndege Uganda: Mwanga Kwanza, Ukuzaji Baadaye

Darubini yangu ya kwanza niliinunua Kampala, katika duka dogo karibu na kituo cha teksi, kwa shilingi 80,000, na niliichagua kwa sababu mbili ambazo leo zinanichekesha: ilikuwa na namba kubwa kuliko zote zilizokuwa kabatini, 30x60, na lenzi zake za mbele ziling'aa wekundu kama makaa. Muuzaji alinihakikishia akisema, "Madamu, hii ni ya jeshi, utaona mpaka ng'ambo ya ziwa." Nilirudi nayo Jinja jioni ile ile, na asubuhi iliyofuata nikaielekeza kwenye maua ya uani, ambako chozi wa kifua chekundu, yule ndege mdogo anayependa kandokando ya ziwa na mto, huja karibu kila siku. Kwa macho matupu nilikiona kifua chake kimeiva rangi. Kwa darubini nilimwona mweusimweusi, kifua kama chuma kilichopata kutu, akitetemeka kana kwamba ana homa, huku amezungukwa na giza la mduara kama la mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Sababu za kosa lile nilizipata polepole, na nyingine nilizipima mwenyewe. Ule wekundu wa lenzi ni utando unaorudisha nje mwanga mwekundu, kwa hiyo mwanga unaofika machoni umekwisha kupungukiwa na rangi ile ile ambayo mtazamaji wa ndege wa hapa kwetu anaihitaji sana, iwe ni kifua cha chozi au mabawa ya shorobo anapokata anga. Rula ya mwanafunzi ilinionyesha kwamba lenzi ya mbele, iliyoandikiwa milimita 60, ilikuwa na kipenyo cha milimita 25 tu. Kisha nilifumbua macho yote mawili, moja likitazama ndani ya darubini na jingine likitazama nje yake, nikalinganisha mikunjo ya bati la paa la jirani, nikaona kwamba ukuzaji haukuzidi mara 8. Ile 30 ilikuwa pambo. Hata kama ingekuwa ya kweli isingenifaa, kwa maana darubini inayokuza mara 30 hukuza na mtetemo wa mkono mara 30, wala sijamwona mtu anayeweza kuishika bila kuiegemeza juu ya miguu mitatu.

Nasimulia haya kwa sababu walimu wenzangu, na wazazi wa wanafunzi ninaowapeleka msituni mara mbili tatu kwa mwaka, huniuliza swali moja kwa maneno yale yale: ipi ina nguvu zaidi? Swali hilo ndilo lililonipotezea shilingi 80,000.

Darubini ya kweli huandikwa namba mbili. Katika 8x42, namba 8 ni ukuzaji, yaani ndege aliye umbali wa mita 80 utamwona kana kwamba umesimama mita 10 kutoka alipo. Na 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia mwanga. Ukiigawa namba ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa mwali unaotoka nyuma na kuingia jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, 42 kwa 10 ni 4.2, 32 kwa 8 ni 4, na zile ndogo za kukunja na kutia mfukoni, 10x25, ni 2.5 tu. Mboni ya jicho husinyaa juani hadi kufikia milimita 2 au 3, kwa hiyo saa sita mchana ukingoni mwa Nile darubini zote hizi zitakuonyesha mnandi juu ya jiwe kwa mwanga unaokaribiana, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika, kwa sababu maduka hufanya biashara mchana. Tofauti hujitokeza alfajiri, na chini ya miti, pale mboni inapopanuka kutafuta mwanga. Mboni ya kijana inaweza kupanuka hadi milimita 7. Yangu, ambayo imekwisha kutimiza miaka 52, ikifika 5 nashukuru, na ndiyo maana 7x50 ya mabaharia, yenye mwali wa milimita 7.1, ingenibebesha uzito wa mwanga ambao jicho langu haliwezi tena kuupokea.

Somo hilo nililielewa vizuri katika msitu wa Mabira, tulipoingia kutokea upande wa Najjembe kabla hata wachoma kuku na gonja wa kando ya barabara hawajawasha majiko yao. Mwongoza wageni wetu alikuwa mzee aliyewahi kuwa askari, na kwa sababu hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wanafunzi wangu wengi. Tulikuwa tunamtafuta kwale wa Nahan, ndege wa ardhini anayeishi katika misitu michache ya Uganda na Kongo, ambaye hutembea kwenye majani makavu mahali ambapo jua halifiki. Mzee alisimama ghafla, akanyoosha kidole. Nikainua darubini yangu nyekundu, nikaona giza. Nikazungusha gurudumu, nikaona giza lililokolea zaidi. Yule mzee hakunicheka. Alivua darubini yake shingoni, 8x42 iliyochubuka pembeni, akanivisha, na mahali pale pale palipokuwa na giza nikaona majani, kivuli cha mzizi, miguu myekundu, na ngozi nyekundu kuzunguka jicho. Kisha akaniambia, "Mwalimu, ndege usimtafutie ndani ya darubini. Mkazie macho kwanza, halafu iinue darubini ije machoni bila kuyahamisha macho." Ushauri huo ulikuwa wa bure, na umenisaidia kuliko chombo chochote nilichonunua.

Jambo la pili ambalo msitu hulidai ni upana wa kile unachokiona kwa mara moja. Darubini nyingi nzuri za mara 8 huonyesha eneo lenye upana wa mita 130 hivi kwa umbali wa mita 1,000, na za mara 10 huonyesha mita 110 hivi. Kwenye karatasi tofauti hiyo inaonekana ndogo. Lakini ndege wako akiwa mita 30 juu ya kichwa, kwenye vilele vya miti, unazungumzia duara la karibu mita nne dhidi ya lile linalozidi kidogo mita tatu, na kundi la ndege wadogo waliochanganyika, wanaoruka kutoka tawi hadi tawi bila kutulia, halikupi nafasi ya kupapasa. Tena darubini yenye ukuzaji mdogo huonyesha kwa uwazi vitu vya karibu na vya mbali kidogo kwa pamoja, kwa hiyo kidole hakishindi kwenye gurudumu. Hondohondo ni mkubwa na mwenye kelele, atakungojea. Wale wadogo hawangoji mtu.

Kaka yangu hakubaliani nami, na si haki nimnyime hoja yake. Yeye ni dereva wa watalii, siku zake nyingi huzimaliza katika hifadhi za Murchison na Kidepo, na 10x42 yake haimtoki. Kwenye nyika ya wazi, anasema, tai yuko juu ya mti ulio mbali, huwezi kumsogelea kwa sababu hairuhusiwi kushuka garini, na mara mbili za ziada za ukuzaji ndizo zinazokuonyesha kama miguu ina manyoya au haina. Hayo ni kweli. Ila yeye huegemeza viwiko kwenye dirisha la gari au kwenye paa lililofunguliwa, jambo ambalo mimi ninayetembea kwa miguu silipati. Tulikwenda pamoja Mabamba, kwenye kinamasi cha mafunjo kilicho magharibi mwa Entebbe, kumtazama yule korongo mwenye mdomo kama kiatu ambaye Waganda humwita bulwe. Bulwe ana urefu unaozidi mita moja na anaweza kusimama kama sanamu kwa muda mrefu akivizia kamongo, kwa hiyo hakuna ndege aliye rahisi kuliko yeye kwa mtu mwenye darubini. Tatizo ni mtumbwi, unaotikisika kila abiria anapojigeuza. Tulibadilishana darubini pale majini. Katika yangu ya mara 8 jicho la bulwe lilitulia hadi likaonekana rangi yake ya njano iliyopauka, na katika yake lilikuwa linacheza. Kaka alinirudishia yangu bila neno, akasema tu kwamba mtumbwi ule ulikuwa mbovu.

Kama utamiliki darubini moja tu, na makazi yako ni kusini mwa nchi, mahali penye misitu, vinamasi na bustani kama ile ya mimea ya Entebbe, nunua ya mara 8. Ukiwa na mikono midogo au shingo inayouma, 8x32 inatosha kwa saa nyingi za siku, nayo hupunguza gramu 100 hadi 200 katika uzito wa 8x42, ambao kwa kawaida huwa kati ya gramu 650 na 800. Zile zenye ukuzaji unaobadilika kwa kusukuma wenzo mdogo, mara 8 hadi 24 kwa mfano, ziache dukani, kwa sababu hukupa eneo jembamba la kutazama na picha hafifu kadiri unavyoongeza ukuzaji. Kwa ndege wa ufukweni walio mbali, kama makundi yanayotua ghuba ya Lutembe, hakuna darubini ya mkononi itakayokutosha. Hapo panahitaji ya bomba moja yenye miguu mitatu, na hiyo ni habari nyingine.

Namba, hata hivyo, hazisemi kioo kina ubora gani. Kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake, na ndani ya darubini kuna nyuso kumi au zaidi, kwa hiyo theluthi ya mwanga, au hata nusu, inaweza kupotelea njiani. Dawa yake ilipatikana mwaka 1935, pale Alexander Smakula, mwanafizikia mzaliwa wa Ukraine aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss huko Ujerumani, alipobuni njia ya kupaka lenzi utando mwembamba unaozuia mwanga kurudi nyuma. Leo kila boksi litakuambia kwamba lenzi zimepakwa, na hapo pana ujanja, kwa sababu "zimepakwa" inaweza kumaanisha uso mmoja tu kwa tabaka moja. Tafuta maneno yanayosema kwamba nyuso zote za vioo vyote zimepakwa tabaka nyingi. Lenzi za namna hiyo ukiziinamisha kwenye mwanga hutoa kijani au zambarau iliyofifia, na mtu akikuuliza kama kweli kuna kioo mle ndani, ujue ni dalili njema.

Halafu kuna umbo. Zile pana zenye mabega, ambazo lenzi za mbele ziko mbali zaidi kutoka kila moja kuliko za machoni, hutumia mpango wa prizimu aliouvumbua Mwitalia Ignazio Porro katikati ya karne ya 19. Ni rahisi kutengeneza, na kwa bei ya chini mara nyingi hutoa picha safi kuliko zile za mabomba yaliyonyooka. Hizi za mabomba ni nyembamba na hushikika vizuri, lakini prizimu zake huugawa mwanga na kuuunganisha tena ukiwa umepishana kidogo, na picha hupoteza ukali, mpaka prizimu zenyewe zipakwe utando wa kurekebisha kasoro hiyo, kama ilivyoanza kufanyika mwaka 1988. Ukinunua ya mabomba yaliyonyooka, uliza kama utando huo upo. Muuzaji akikutazama kama umeuliza habari za mwezini, soma boksi mwenyewe.

Mimi nilipitia mkondo wa Porro. Baada ya aibu ya Mabira nilinunua 10x50 iliyokwisha kutumika kutoka kwa mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao, kwa shilingi 250,000, na kwa mwaka mzima niliiona kuwa ndiyo bahati ya maisha yangu, ingawa ilinivuta shingo kwa uzito wa karibu kilo na haikuweza kumwonyesha vizuri ndege aliye karibu kuliko mita 7, hata yule chozi wangu wa uani ikanilazimu kurudi nyuma hadi jikoni ili nimwone. Kilichoiua ni mvua. Msimu wa Machi hadi Mei ulipopita niliikuta na utando mweupe kama utando wa buibui ndani ya lenzi, mahali pasipofikika kwa kitambaa. Ilikuwa kuvu. Fundi aliyeifungua aliweza kuisafisha, lakini kuvu ilikuwa imekwisha kuula ule utando uliopakwa kwenye kioo, na tangu siku ile kila kitu kilionekana kama kiko nyuma ya moshi wa kuni. Katika nchi yenye unyevu kama wetu wa kandokando ya ziwa, darubini iliyozibwa kabisa na kujazwa gesi ya nitrojeni au agoni si anasa. Gesi hiyo kavu huzuia mvuke kujikusanya ndani ya vioo, na mpira wa kuzibia huzuia vumbi la muramu, ule udongo mwekundu wa barabarani.

Wenzangu wa miwani wana sharti moja zaidi, na wauzaji hawalitaji. Ni umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi na bado likaona duara lote. Miwani hulisukuma jicho nyuma, kwa hiyo umbali huo ukiwa chini ya milimita 15 utaona katikati tu na kukosa kingo. Yangu ina milimita 17. Vikombe vya mpira vya machoni viwe vya kuzungusha: mwenye miwani avishushe, asiye na miwani avipandishe. Umbali wa karibu kabisa wa kuona nao uwe mita 2 hivi, kwa sababu ndege aina ya chozi na vipepeo wa hapa hawaogopi watu, na inauma kumwona ndege kwa macho matupu huku darubini ya bei ikikuonyesha ukungu.

Ukiwa dukani Kampala, usiijaribu darubini kwa kusoma bango la ng'ambo ya barabara. Mwombe muuzaji mtoke nje, tena ikiwezekana jioni, mtafute kaloli, yule korongo mkubwa, juu ya paa. Kaloli wa Kampala ni kipimo kizuri sana kwa sababu ana mgongo mweusi, tumbo jeupe, kichwa chenye manyoya machache yaliyosimama, na hana haraka. Tazama ukingo wa mgongo wake dhidi ya anga nyeupe: ukiona mstari mnene wa zambarau au kijani, kioo ni duni. Tazama zile nywele chache za kichwani, ya kwanza hadi ya mwisho. Kisha mpeleke kaloli pembeni mwa duara uone kama anabaki kaloli au anageuka doa. Funga jicho moja, halafu jingine, halafu fungua yote mawili. Kama picha mbili zinachelewa kukutana, au unasikia macho yakivutwa, mabomba hayakulingana, na kichwa kitakuuma kabla ya saa moja kwisha. Mwisho, ishike darubini umbali wa mkono ulionyooka ukiielekeza angani, utazame yale madoa mawili ya mwanga kwenye lenzi za machoni. Yawe duara kamili. Yakikatwa kingo kama mraba, prizimu ni za kioo cha bei rahisi.

Hii niliyonayo sasa, 8x42, binamu yangu aliniletea kutoka London kwenye sanduku lake la nguo, na kwa fedha zetu ilinigharimu karibu shilingi milioni moja, ambazo nilizikusanya kwa miezi kumi na mmoja. Najua zipo za Zeiss, Leica na Swarovski zenye bei ya dola 2,000 na kuendelea, na nimewahi kutazama kupitia moja ya mtalii kwa dakika tano. Tofauti ipo, hasa jua linapozama na kwenye kingo za picha, lakini tofauti kati ya ile ya shilingi 80,000 na hii ya milioni moja ni kubwa mara nyingi kuliko tofauti kati ya hii na ile ya mtalii. Anayeweza kutoa laki nne au tano anaweza kupata 8x42 iliyozibwa na kupakwa vizuri, ilimradi asihadaike na namba kubwa.

Matunzo si mengi. Vumbi hupulizwa au hupanguswa kwa brashi laini kwanza, ndipo kitambaa cha lenzi hufuata. Anayefuta muramu kwa ncha ya shati anapiga msasa kioo chake. Usiifungie ndani ya mfuko wa ngozi miezi ya mvua. Yangu hukaa kwenye chombo cha plastiki pamoja na vile vipakiti vyenye chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na nimewafundisha jamaa wote wa nyumbani wasivitupe. Ukanda wa shingoni niliubadilisha, nikamshonesha fundi cherehani wa sokoni mikanda ya mabegani inayopita mgongoni, nao uzito wote umehamia huko.

Ile nyekundu sikuitupa. Mtoto wa jirani aligundua kwamba ukiigeuza nyuma mbele, ukaisogeza karibu kabisa na ardhi, unaweza kuhesabu miguu ya siafu, na hiyo ndiyo kazi inayofanya siku hizi.